Malkia Aliyeacha Somo la Takwimu

Nyumbani kwa Deolinda Avila mlango ulikuwa haufungwi. Tangu Kwaresima ianze, wanawake wa mtaa waliingia na sindano, wakatoka na umbea. Sebuleni, juu ya meza mbili zilizounganishwa, lilitandazwa joho la mahameli nyeupe. Lilikuwa refu kuliko sebule yenyewe. Mkia wake ulikunjwa ukalazwa kwenye kochi. Gil, mume wa Deolinda, akirudi kutoka kukamua ng'ombe alikula amesimama jikoni.

Hakulalamika. Mwaka huo binti yao, Nelia, alikuwa malkia wa sikukuu ya Roho Mtakatifu. Katika bonde lile la California, kila mji wenye Wareno una ukumbi wake na malkia wake. Siku ya sikukuu malkia huvaa taji, huburuta joho barabarani hadi kanisani, kisha watu wote hulishwa mchuzi wa nyama na mkate bila kulipa. Na kila mwisho wa wiki kabla ya hapo, malkia hutembelea kumbi za miji jirani. Asipoonekana, watu husema. Na watu wa bonde lile wakianza kusema, hata ng'ombe husikia.

Nelia alikuwa anamaliza mwaka wa pili katika chuo cha miaka miwili, hapo hapo mjini. Alitaka kuhamia chuo kikuu kusomea mifugo. Alama zake zilikuwa za juu, ndiyo maana chama cha heshima cha wanafunzi kilimwalika ajiunge. Mwanzoni Deolinda alidhani ni chama cha kuvaa mikanda ya dhahabu na kupiga picha. Kumbe chuo kikuu kilikuwa kimetenga ufadhili wa masomo kwa wanachama wa vyama hivyo wanaohamia kutoka vyuo vidogo. Nelia alijiunga, akaomba, akapata vyote viwili, nafasi na ufadhili. Alimpigia mama yake simu, na kabla hajafika nyumbani, mama yake alikwishaitangaza habari ile dukani kwa muuza mikate.

Jioni moja watu saba walikuwa wanashona. Jirani yao Odilia Borba alikuwepo. Odilia alikuwa mshauri wa wanafunzi katika chuo kile kile cha Nelia, lakini jioni ile alikuja kama mwanamke mwenye sindano, na soseji za kukaanga mkononi. Zulmira naye alikuwepo. Zulmira hakosi mahali penye watu.

Zulmira ndiye aliyeuliza Nelia anapata wapi nafasi ya kujaribu joho jioni, maana si anasoma?

Deolinda alicheka. Alisema lilikuwepo somo moja la jioni, takwimu, lililokuwa linawasumbua. Basi alishamwambia mtoto aliache. Chuo kikuu kimeshampokea, takwimu za nini tena?

Sindano ya Odilia ilisimama hewani.

"Ameliacha lini?" aliuliza.

"Jumatatu."

"Amewaambia chuo kikuu?"

"Awaambie nini, shoga? Wameshamkubali."

Odilia aliweka sindano chini. Alikuwa na uso wa mtu aliyeona moto kwenye paa la mwenzake.

"Deolinda, sikiliza vizuri. Kukubaliwa kule kuna masharti. Nelia aliwaandikia masomo yote atakayoyamaliza muhula huu. Wakamchukua kwa masomo hayo. Akiacha moja bila kuwaambia, wanaweza kumnyang'anya nafasi. Na nafasi ikienda, ufadhili nao umekwenda."

 

"Odilia, nawe unatutia baridi bure," alisema Zulmira. "Mpwa wangu aliacha masomo mawili na hakuna aliyemuuliza."

"Yuko wapi sasa huyo mpwa wako?"

Zulmira alifikiri kidogo. "Anauza matairi."

 Deolinda aliketi pale pale, juu ya joho lenyewe, na sindano moja ikamchoma pajani. Hakuisikia. Bei ya maziwa ilikuwa imeanguka mwaka ule. Bila ufadhili ule, Nelia angebaki bandani na baba yake. Na aliyemsukuma si mtu baki. Ni yeye mama yake.

Alimwita binti yake kutoka chumbani. Nelia alisikiliza maneno ya Odilia mara moja tu, na rangi ikamtoka usoni.

"Lakini mama," alisema taratibu, "si wewe uliyesema?"

Swali lile lilimchoma Deolinda kuliko sindano.

Odilia hakupoteza muda kulaumu. Alimwambia Nelia awaandikie chuo kikuu kesho asubuhi, aseme ukweli wote, wasije wakaugundua wenyewe. Alisema wakubwa wa vyuo huwasamehe zaidi wanaojitokeza mapema kuliko wanaojificha. Tena kulikuwa na darasa fupi la takwimu lililokuwa linaanza katikati ya muhula. Somo ni lile lile na uzito ni ule ule, ila linakimbizwa kama ng'ombe aliyevunja ua.

"Nijiandikishe leo?" aliuliza Nelia.

"Shika nafasi leo, isichukuliwe. Lakini waulize kwanza kama darasa hilo watalikubali badala ya lile. Usikisie. Na mwambie mlezi wa chama chenu. Alama zikishuka, uanachama unayumba, na ufadhili umeshikwa na uanachama."

"Linafundishwa lini?" aliuliza Deolinda.

Odilia alimtazama kwa huruma. "Jumamosi. Kutwa."

Deolinda alishika kichwa. Jumamosi ndiyo siku wanayotembeleana malkia.

Asubuhi Nelia aliandika. Kisha wakangoja. Siku zile Deolinda aliunguza maharagwe, akasahau kumlisha mbwa, akashona shanga za dhahabu mahali pa shanga za fedha. Kila simu ilipolia alishtuka. Mara nyingi alikuwa Zulmira, anauliza kama kuna jipya.

Jibu lilipofika, Nelia alilisoma amesimama, akarudia tena kwa sauti. Chuo kikuu kilimshukuru kwa kusema mapema. Darasa fupi wamelikubali. Akifaulu, nafasi yake ipo. Asipofaulu, haipo.

Ulibaki ukumbi. Deolinda alikwenda mwenyewe kwenye mkutano wa sikukuu. Mzee Belmiro, mwenyekiti, alimsikiliza huku mdomo ukifunguka kidogo kidogo. Alisema tangu ukumbi ujengwe, malkia hajawahi kuacha kutembelea wenzake. Miji mingine itasema tumewadharau. Kwani binti hawezi kusoma Jumapili?

"Mzee wangu," alisema Deolinda, "mimi ndiye niliyemwambia aache somo kwa ajili ya joho. Karibu nimpotezee chuo. Kosa ni langu, si la mtoto. Jumamosi malkia yuko darasani. Mkitaka malkia mwingine, semeni sasa, joho nitawaachia."

Watu walitazamana. Mwishowe wasichana wawili wanaomsindikiza malkia walikubali kwenda badala yake, wakiwa na bendera ya ukumbi. Mzee Belmiro alikubali pia, ingawa alikuwa bado anatikisa kichwa alipokuwa anafunga mlango.

Mji haukutikisa kichwa tu. Kufikia Jumatano habari iliyozunguka ni kwamba malkia hajitokezi kwa sababu ana mimba. Alhamisi wakawa mapacha. Gil aliulizwa kwenye duka la chakula cha mifugo kama anataka wajukuu wa kiume au wa kike. Alijibu kwamba anataka mjukuu anayejua takwimu.

Nelia alisoma. Mtihani wa mwisho aliufanya siku chache kabla ya sikukuu, na alifaulu kwa alama ya juu. Chuo kikuu kilithibitisha nafasi yake, na ufadhili wake ukabaki palepale. Siku ya sikukuu alitembea na joho lake, na watu walimkodolea macho tumboni hadi kanisani.

Wakati wa mchuzi, kina mama walimzunguka Odilia kwa maswali ya chuo kuliko walivyozunguka sufuria. Zulmira alimvuta pembeni. Binti yake Ivone naye alialikwa na chama cha heshima, lakini Zulmira aliuita mwaliko ule utapeli, kwa kuwa walitaka kiingilio.

Odilia alimwambia matapeli wapo kweli, kwa hiyo amefanya vema kushuku. Lakini kushuku si kutupa. Chama cha kweli kina mlezi ndani ya chuo, mtu unayeweza kwenda kumwona na kumuuliza. Na hata kiingilio, mwanafunzi asiyejiweza anaweza kuuliza kama chuo kitamsaidia. Kikubwa ni kujiunga mapema. Ufadhili mwingi unamtaka mtu ambaye tayari ni mwanachama siku anapoomba.

"Kwa hiyo Ivone amechelewa?" aliuliza Zulmira. Safari hii hakuwa na utani.

"Hajachelewa. Mlete ofisini Jumatatu."

Ivone alijiunga. Mwaka uliofuata ukumbi ukamchagua yeye kuwa malkia, na Zulmira alikuja mbio kwa Deolinda kabla hata kahawa haijachemka. Alitaka kujua mahameli inauzwa wapi, na mkia wa joho uwe mrefu kiasi gani ili uwapite watu wa mji wa pili.

Deolinda alimvutia kiti.

"Ivone anasoma masomo gani muhula huu?"

"Nimekuja kuulizia mahameli, shoga."

"Mahameli ipo. Masomo gani, na yako siku zipi?"

Zulmira alianza kuhesabu kwa vidole, akakwama kwenye cha kwanza. Hakujua.

"Basi nenda kamlete mwenyewe, aje na ratiba yake," alisema Deolinda, akaketi. "Tukishajua siku zake, ndipo tutakata kitambaa."

Na Zulmira, ambaye mjini hakuna aliyewahi kumtoa mahali penye kahawa, aliinuka akaenda.