Breki za Kuazima

Taa za nyuma za gari la Eliecer ziliwaka alfajiri, milango imefungwa na ufunguo uko mfukoni mwake. Ziliwaka, zikazima, zikawaka tena taratibu, kama mtu anakanyaga breki na kuiachia. Eliecer akasema ni waya. Gari la Kimarekani la mwaka hamsini na mbili, lenye injini ya trekta na viti vya basi, kila ugonjwa wake ni waya mpaka uthibitishwe vinginevyo.

Lakini alipofungua mlango alipokelewa na harufu ya manukato ya maua ya urujuani. Pale Santiago de Cuba manukato hayo ni ya watoto, hupakwa nyweleni wakishaoga. Na nyumba ya Eliecer ilikuwa haina mtoto tangu Machi ya mwaka uliopita.

Leidys alikuwa na miaka minane, na alikuwa na kazi yake. Kila mara kabla ya ukaguzi alikaa kwenye kiti cha dereva, akajinyoosha mpaka mguu ukafika kwenye pedeli, na baba yake akasimama nyuma ya gari.

"Sasa, baba?"

"Kanyaga!"

"Zinawaka?"

"Zote mbili, malkia wangu."

Siku mbili baada ya gari kupita ukaguzi, lilifeli breki kwenye mteremko wa mtaa wao, Leidys akiwa kiti cha mbele. Baba alitoka na mkono uliovunjika. Polisi waliisoma stika mpya ya ukaguzi kwenye kioo, wakampa pole. Majirani wakasema ni kazi ya Mungu. Mkewe, Nereida, naye akaamini hivyo, maana angeamini nini kingine? Karatasi ilisema gari ni zima. Eliecer akalinyoosha gari akalirudisha barabarani, kwa kuwa ndilo lililowalisha.

Mimi nimeishi na watu wale miaka mingi, nawapenda, na bado jambo hili linanichoma. Wiki ya ukaguzi kila mtu huazima. Matairi ya huyu, taa za yule, gari linaingia kituoni limependeza kama bibi harusi aliyeazima dhahabu ya mtaa mzima. Kesho yake kila kitu kinarudi kwa mwenyewe. Hawalioni kuwa ni udanganyifu, wanaliona kuwa ni ujirani. Pampu ya breki iliyopita ukaguzi Machi ile ilikuwa ya Nivaldo, jirani wa ukuta kwa ukuta. Iliyokuwa ndani ya gari siku ya mteremko ilikuwa ya Eliecer mwenyewe, inayovuja. Wahenga walishasema, nguo ya kuazima haisitiri maungo. Watu wawili tu walijua, na wote wawili walinyamaza.

Sasa ukaguzi ulikuwa umefika tena, na Nivaldo akaja na pampu yake ndani ya gazeti.

"Unasikia harufu hiyo?" alinong'ona, amelala chini ya gari.

"Funga pampu, ndugu yangu. Usiseme kitu."

"Eliecer. Pedeli imeshuka."

"Umeigusa wewe."

"Kwa mkono upi? Mikono yangu yote iko huku!"

Akatoka mbio kwa magoti, uso umempauka, na hapo ndipo wote wawili wakaiona pedeli ikishuka polepole mpaka chini na kupanda na kushuka tena bila mguu wowote juu yake, huku mwanga mwekundu ukipiga ukutani nyuma ya gari na harufu ya urujuani ikizidi, na kutoka kwenye kiti kitupu cha dereva ikaja sauti ndogo, ya subira, ya mtoto aliyezoea kungoja: *Sasa, baba?*

Nivaldo alikimbia, hakurudi kuchukua hata spana zake. Ila mlangoni alimkuta Nereida, akamwambia alichosikia. Mchana ule Nereida akamleta Mama Fela, bibi anayezungumza na wafu. Bibi akaketi kiti cha nyuma na glasi ya maji, akapuliza moshi wa sigara nene, akatega sikio.

"Mtoe, Mama," Eliecer alisihi. "Asiteseke."

"Hateseki huyu. Ana swali, na hajibiwi."

"Swali gani?" Nereida aliuliza.

"Anauliza kama breki zinashika."

Nereida akamgeukia mumewe. "Basi mjibu."

Eliecer akaketi chini kwenye vumbi, akasema yote: pampu, Nivaldo, siku ile aliyoirudisha, na jinsi alivyojiambia kuwa mteremko ni mfupi.

"Hazishiki, malkia wangu," alimaliza. "Hazikuwa zinashika. Nilijua."

Maji yakatikisika kwenye glasi, yakatulia. Nereida hakulia wala hakumpiga. Alikwenda jikoni akaleta kisu, akaikwangua ile stika kiooni, kipande kwa kipande, mpaka kioo kikawa kitupu.

Kesho yake Eliecer alilikokotesha gari mpaka kituo cha ukaguzi, likiwa na pampu yake mwenyewe inayovuja. Mkaguzi alikanyaga mara moja tu. "Mzee, hii umeileta kwangu au kaburini?" Akang'oa vibao vya namba.

Gari likarudishwa uani. Harufu ilikuwa imekwisha. Eliecer alipaswa kushukuru, lakini jioni ile alisimama nyuma ya gari, mikono imelegea, naye aliyetaka mtoto atolewe akamwita.

"Kanyaga, Leidys. Kanyaga, mama."

Taa hazikuwaka. Akaita tena, na mara ya tatu taa zikawaka, nyekundu, zote mbili, na moyo wake nusura utoke.

"Zinawaka?" sauti ya Nereida iliuliza kutoka kiti cha dereva.

"Zote mbili."

"Taa hazikuwa na shida hata siku moja, Eliecer," mkewe alisema, akaondoa mguu.