Helmeti ya Baba Mapacha

Baba Mapacha alikuwa fundi mikate, na kwenye kazi yake hakuwa na mpinzani. Aliingia bekari alfajiri, akafunga aproni, akaanza kupima. Unga aliupima. Chumvi aliipima. Hamira aliipima. Gramu moja ikizidi, aliirudisha ilikotoka. Wenzake walimtania kwamba iko siku atapima hata pumzi zake.

Pesa tu ndiyo hakuipima. Mshahara ukiingia, aliutumia kwa kukadiria. Ukiisha, alishangaa kama mtu aliyeibiwa.

Saa saba mchana kazi ilikwisha. Nyumbani hapakuwa mbali. Ilikuwa barabara moja iliyonyooka, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Hata hivyo, yeye alipanda pikipiki kila siku. Aliazima helmeti ya dereva, kubwa, nyeusi, yenye kioo cha giza. Akaishusha hadi kidevuni, kisha akasema, "Twende, na ukifika pale dukani usipunguze mwendo."

Pale dukani palikuwa kwa Mama Duka. Baba Mapacha alikuwa amekopa kwake sukari, mchele, mafuta na sabuni kwa miezi mitatu. Mwanzoni alikuwa akimwambia, "Nikipata nitaleta, mama." Baadaye aliona haya hata kumsalimia. Ndipo alipoigundua helmeti.

Kwa kuwa dukani hasimami tena, mahitaji ya nyumbani aliyanunua mtaa wa pili. Huko alinunua kidogo kidogo: sukari ya leo, mafuta ya leo, sabuni ya leo. Mke wake, Mama Mapacha, hakuelewa.

"Mume wangu, mbona mafuta unaleta kwenye kichupa? Haya ni ya kupikia au ni dawa ya kikohozi?"

"Hayo ya kichupa hayachachi," alijibu Baba Mapacha, akaenda kunawa mikono iliyokuwa safi.

Mama Mapacha alikuwa mchapakazi. Asubuhi alisafisha ofisi. Mchana alitengeneza juisi na barafu, akaziuza mlangoni kwake. Kila kitu kilitoka kwenye friji yake. Friji hiyo aliinunua mwenyewe, kwa kuweka akiba miaka miwili. Mapacha wao, wasichana wawili wa darasa la tatu, walikatazwa hata kuifungua ovyo.

Na hapo ndipo palipokuwa na siri. Mwezi mmoja uliopita, Baba Mapacha alikopa pesa kwa mkopeshaji mmoja aliyeitwa Bwana Mkoba. Alikopa ili alipe kodi ya nyumba na madeni mengine madogo. Bwana Mkoba alitaka rehani. Baba Mapacha aliandika friji. Makubaliano yalikuwa miezi minne. Asipolipa, friji inachukuliwa. Mke wake hakuambiwa kitu. Riba ya mwezi wa kwanza alikwisha lipa, na sasa ilibaki miezi mitatu.

Siku moja ya jua kali, mnyororo wa pikipiki ulikatika. Ulikatika mbele ya duka la Mama Duka, hatua tano kutoka mlangoni. Dereva aliinama kuutengeneza. Baba Mapacha alisimama kando, helmeti kichwani, akiutazama ukuta kana kwamba kuna gazeti pale. Jasho lilimtiririka hadi shingoni.

Mama Duka akatoka na kigoda.

"Karibu ukae, Baba Mapacha."

"Mimi siye," alijibu kwa sauti nzito aliyoitafuta tumboni.

"Haya, wewe siye. Basi ukimwona mwambie viatu vyake vimejaa unga."

Dereva alicheka mpaka spana ikamdondoka. Baba Mapacha alivua helmeti.

"Nisamehe, mama. Naona haya."

"Haya hailipi deni, mwanangu. Hebu, dereva, huyu unamtoza kiasi gani?"

"Bei ya mikate miwili, mama."

"Kila siku?"

"Kila siku ya kazi. Ndiye mteja wangu bora."

Mama Duka alipiga makofi. "Kumbe unatoa pesa ili usinipe pesa! Sikiliza. Mimi sitaki zote leo. Mtu anayepita akanisalimia najua atalipa. Anayejificha ndiye ananinyima usingizi. Nenda ukajipange, kisha uje tuongee."

Siku hiyo Baba Mapacha alirudi kwa miguu. Deni la duka sasa lilimtisha kidogo tu. Kilichomtisha ni friji. Alimwona mke wake akipanga chupa za juisi ndani yake, na moyo ukamwuma.

Kesho yake, wakati wa mapumziko, alimfuata Bi Mizani. Huyu alikuwa karani wa stoo pale bekari. Pia alikuwa mweka hazina wa kikundi cha akiba cha wafanyakazi. Watu walimwamini kwa sababu hakuwa na maneno mengi, na daftari lake halikuwa na kufutafuta.

"Dada, madeni yamenifika hapa," alisema Baba Mapacha, akaonyesha shingo.

Bi Mizani alichukua mfuko mtupu wa unga na kalamu. "Usinitajie pesa. Pesa unazikadiria. Nitajie mikate, mikate unaijua. Mama Duka anakudai mikate mingapi?"

"Bei ya mikate mia moja na ishirini."

"Mwingine?"

"Mshonaji wa sare za watoto. Thelathini."

"Mwingine?"

Baba Mapacha alianza kukung'uta unga kwenye aproni.

"Ukinificha mmoja, hesabu yote ni bure," alisema Bi Mizani.

Basi akasema yote: mikate mia mbili kwa Bwana Mkoba, riba ya mikate arobaini kila mwezi, na friji. Bi Mizani hakumcheka. Alimwomba karatasi ya mkopo. Aliisoma polepole, kidole kikifuata mistari.

"Hapa wameandika riba ni moja ya tano ya deni lililobaki. Maana yake, ukipunguza deni, na riba inapungua. Uliisoma hii?"

"Nilisaini tu."

"Wewe mfuko wa unga unausoma mpaka tarehe ya kuharibika. Karatasi ya friji ya mwenzio huisomi!"

Kisha alimweleza, na alieleza taratibu.

"Deni linalozaa ndilo la kwanza. La Bwana Mkoba linazaa, kwa hiyo yeye mlipe zaidi. La Mama Duka na la mshonaji hayazai. Hao uwaombe, uwape kidogo kila mwezi bila kukosa. Na usikope tena kulipa deni. Huko ni kuchimba shimo hapa ili ufukie pale."

"Na pesa nitaitoa wapi, dada?"

"Nakuona ukipanda pikipiki kila siku ya kazi. Mikate miwili kwa siku ishirini na sita: miguu yako ni mikate hamsini na miwili kwa mwezi. Acha pikipiki. Nunua vitu kwa kipimo kikubwa, siyo vichupa. Zamu ya Jumapili ipo, mara moja kwa mwezi. Halafu niambie, hamira unaitia lini?"

"Mwanzo. Wakati wa kukanda."

"Na mkate ukishaiva?"

"Haifai kitu."

"Akiba ni hivyo hivyo. Siku ya mshahara, itoe kwanza. Ukingoja kitakachobaki, hakibaki. Mama watoto anajua habari ya friji?"

"Hajui."

"Mficha uchi hazai. Mwambie wewe, kabla Bwana Mkoba hajamwambia na mkokoteni mlangoni."

Jioni hiyo Mama Mapacha alikuwa akisuuza chupa. Baba Mapacha alichukua kitambaa, akaanza kuzifuta. Hakuwa na kawaida ya kufuta chupa.

"Una nini leo?" aliuliza mkewe.

"Nimeweka friji rehani."

"Friji gani?"

"Friji... hii."

"Kwani tunazo ngapi?"

Mama Mapacha aliketi chini, mikono ikidondosha maji. Alilia. "Silii kwa sababu ya friji," alisema. "Nalia kwa sababu umenificha. Mimi siku zote najua tuko wawili, kumbe wewe uko peke yako."

Maneno hayo yalimchoma Baba Mapacha kuliko riba yoyote. Aliomba radhi. Akaeleza kila kitu bila kuruka, hata habari ya helmeti.

"Subiri kwanza," alisema mkewe, akijifuta machozi. "Kwenye jua lile? Na kioo umeshusha?"

"Nimeshusha."

Mama Mapacha alijaribu kukaza uso. Alishindwa. Alicheka, na mapacha waliokuwa wakisikiliza mlangoni wakaangua kicheko pia. Hasira haikwisha siku hiyo, lakini ilipata mahali pa kukaa.

"Nina masharti," alisema. "Kuanzia leo hutasaini karatasi peke yako. Na kila tunachodaiwa kiandikwe kwenye daftari. Daftari likae juu ya friji, kila mtu alione. Mimi nitatoa mikate arobaini kila mwezi kwenye faida ya juisi."

Walijumlisha. Nauli, hamsini na miwili. Vitu vya kipimo kikubwa, ishirini. Zamu ya Jumapili, kumi na sita. Juisi, arobaini. Jumla ilikuwa mikate mia moja na ishirini na minane kwa mwezi. Baba Mapacha alihesabu mara tatu. Hakuamini kwamba pesa yote hiyo ilikuwa ikipita mikononi mwake huku akijiita maskini.

Siku ya mshahara waliandaa bahasha nne kabla ya kununua hata kiberiti. Mia moja ya Bwana Mkoba. Kumi ya Mama Duka. Kumi ya mshonaji. Nane zilizobaki waliziandikia "Dharura".

Mama Duka alipokea zake, akaandika, akaweka sahihi. "Umenenepa uso," alimwambia. "Au ni kwa sababu nauona?"

Bwana Mkoba hakufurahi vile. "Mia moja ya nini, bwana? Wewe lete riba tu, arobaini. Deni lipo, halina haraka."

Mama Mapacha alikuwepo. Alikuwa ameapa kuwepo. "Sisi ndio tuna haraka," alisema. "Andika arobaini ni riba, sitini ni deni. Kisha utie sahihi hapa."

Bwana Mkoba aliandika. Deni likashuka hadi mia moja na arobaini. Mwezi wa pili riba ikawa ishirini na nane tu, na mia nyingine ikaliangusha deni hadi sitini na nane. Mapacha waligombania nani aandike namba mpya kwenye daftari.

Haikuwa rahisi kila siku. Katikati ya mwezi wa tatu, pacha mmoja alipata homa. Zahanati ilitaka bei ya mikate kumi na mitatu. Mkono wa Baba Mapacha ulikwenda moja kwa moja kwenye simu, kumtafuta wa kumkopesha. Mkewe aliushika.

"Tuna bahasha ya dharura. Ina kumi na sita."

Walilipa. Mtoto alipona baada ya siku tatu, akaanza kudai barafu. Kwa mara ya kwanza, ugonjwa ulipita nyumbani kwao bila kuacha deni.

Siku ya mwisho ya mkopo, Bwana Mkoba alikuja na mkokoteni na mtu wa kuusukuma. Alikuwa na uhakika. Alizoea watu kushindwa mwishoni. Mama Mapacha alimwekea mezani sitini na nane, na riba ya kumi na nne juu yake.

Bwana Mkoba alihesabu mara mbili. Alitoa karatasi ya rehani, akaandika "Imelipwa yote". Mama Mapacha hakuichana. Aliisoma mstari kwa mstari kwa sauti, kisha akaikunja na kuitia ndani ya daftari. Mwenye mkokoteni aliona asirudi bure. Alinunua juisi mbili, akalipa taslimu.

Mwezi uliofuata mshonaji alikuwa amekwisha lipwa, na Mama Duka alibaki akidai tisini. Baba Mapacha alimpelekea zote kwa mkupuo. Mama Duka alichukua rula, akapiga mstari mrefu kwenye ukurasa wake. Baba Mapacha aliutazama mstari ule akajisikia mwepesi. Alitembea nyumbani katikati ya barabara, akisalimia kila mtu, hata wasiomjua.

Ikaja siku nyingine ya mshahara. Baba Mapacha aliketi mezani na familia yake. Alihesabu mia moja na ishirini, akazitia kwenye bahasha mpya, akaifunga.

Mama Mapacha alimkazia macho. "Hii ya nani tena? Umekopa wapi?"

"Sijakopa popote."

"Sasa mbona unaitoa?"

"Nimezoea kuitoa. Naona haya kuirudisha mfukoni." Aliisukuma bahasha kuelekea kwake. "Mwezi huu hakuna anayetudai. Lakini bahasha haina jina."

Wote wanne waliitazama. Kisha pacha mmoja alichukua kalamu, akainama, akaandika kwa herufi kubwa alizofundishwa shuleni: SISI.