Siku Yunusi Alipovishwa Jina la Kauka

Mama Kulwa anasema aliona kwa macho yake, na anayebisha apande gari aende Masasi akaulize. Anasema alikuwa stendi, Jumanne, jua la utosi, akisubiri gari la kurudi Newala, ndipo akamwona Yunusi fundi redio, Yunusi huyu huyu aliyemposa Mwanaheri, kambeba mtoto wa kike mabegani. Pembeni yake mwanamke mrefu, kajifunga kitenge ambacho hata maji ya kwanza hakijaonja.

"Na yule mtoto, mwanangu," Mama Kulwa alimalizia, akijiachia kwenye kigoda kama mzigo, "akamwita baba. Tena si mara moja. Baba nishushe. Baba maji. Baba twende."

Mwanaheri hakusimamisha cherehani. Mguu uliendelea kukanyaga, kitambaa kikaendelea kupita chini ya sindano.

"Labda mtoto wa ndugu yake."

"Ndugu gani? Ukoo ule naujua mpaka walikochimba choo!"

"Sawa, Mama Kulwa."

"Sawa nini? Mimi jirani naungua roho, wewe mwenye mchumba unasema sawa! Ungekuwa wa tumbo langu ningekupa mchi wa kinu uende nao."

"Nikiuvunjia mgongoni kwa mtu, kesho nitatwangia nini?"

Ndivyo alivyokuwa Mwanaheri. Shule aliishia darasa la saba, lakini kungoja alisomea kwenye foleni ya bomba, na kwa Newala chuo hicho hakina likizo. Alijua kwamba anayepiga kelele mbele ya bomba kavu hukauka koo bure.

Simu hakuwa nayo. Ujumbe wake wote ulipitia simu ya Mama Kulwa, aliyoinunua msimu wa korosho uliopita, na Mama Kulwa alikuwa na desturi ya kuusoma mara mbili kabla mwenyewe hajauona. Jioni ile uliingia mmoja.

"Sikiliza," alisema, akiisogeza simu mbali na macho. "*Mwambie Mwanaheri narudi Alhamisi. Nina shughuli Masasi. Asiwe na wasiwasi.* Haya! Mwanamume akikwambia usiwe na wasiwasi, ndiyo saa ya kuutafuta kwa taa."

Siku zile mji mzima ulikuwa na jambo moja tu mdomoni: Jumamosi ilikuwa arobaini ya Kauka. Jina lake la nyumbani lilikuwa Mahmudu. Hilo la Kauka alijipa mwenyewe, maana alipokwenda Dar kuanza muziki alikuwa na fulana moja, kauka nikuvae. Redio za watu binafsi zilipoanza kufunguliwa, sauti yake ikatoka huko ikapanda mpaka huku juu mlimani, na watu wakashangaa kusikia foleni zao za maji na korosho zao ndani ya redio. Halafu akaugua siku nne tu. Akarudi ndani ya sanduku.

Yunusi alikuwa mtoto wa mama yake mdogo Mahmudu. Walilala mkeka mmoja tangu utotoni.

Alhamisi alifika barazani kwa Mwanaheri na vumbi lake la safari.

"Habari za hapa?"

"Nzuri. Kaa."

Akakaa. Mama Kulwa, upande wa pili wa ua, akaanza kupepeta mchele uliokwisha kupepetwa.

"Yule mtoto wa stendi ni wa nani?" Mwanaheri aliuliza, bila kupandisha sauti.

Yunusi alimtupia jicho Mama Kulwa, akainamisha kichwa.

"Ni wa Mahmudu. Anaitwa Faidha. Mama yake ni Ethel, wa pale Masasi. Walikuwa hawajaoana."

"Na wewe akuite baba kwa lipi?"

"Mjomba Mussa ameniteua. Jumamosi navishwa jina."

Cherehani ilisimama.

Kwao marehemu haachiwi aondoke na jina lake. Siku ya arobaini ukoo humkalisha mtu mkekani, jina likarudi duniani kwa mwili mwingine. Kuanzia saa ile mama wa marehemu humwita mwanangu, watoto humwita baba. Na atakayemwita jina la zamani mbele ya mama yule, ni kama amemzikia mtoto mara ya pili.

"Ulijua lini?"

"Wiki ya pili ya msiba."

"Na mimi ulipanga nijue lini? Mama Kulwa akimaliza kupepeta?"

Upande wa pili ungo ukanyamaza.

"Niliogopa utasema hapana, Mwanaheri."

"Ndiyo maana mtu huulizwa. Ili aweze kusema hapana."

"Nisamehe."

"Bado sijamaliza. Jina lina mama, lina mtoto, lina mashabiki hata nisiowajua. Na mke je, halina?"

Yunusi akafuta jasho kwa kiganja.

"Mjomba hajasema kitu kuhusu Ethel."

"Hajasema hapana."

"Hajasema hapana," Yunusi alikubali, sauti chini.

Mwanaheri aliitazama mikono ya mchumba wake, ile mikono iliyozoea nyaya nyembamba kama nywele. Ndoa ilikuwa imebakiza miezi miwili. Shela lilikuwa limekatwa, bado kushonwa.

"Jumamosi nitakuja," alisema. "Nitakaa mahali ninapoona vizuri. Kama unachukuliwa, nataka nione unavyochukuliwa."

*

Hakuna aliyewaambia watu walete maji.

Kulikuwa na wimbo wa Kauka mmoja unaomsema mama anayeshuka bondeni kutafuta maji na kupanda nayo mlima. Watu waliufahamu. Basi Jumamosi asubuhi, malori yaliyozoea kubeba korosho yalipoanza kuingia kutoka Masasi, kila kijana aliyeruka chini alikuwa na dumu mkononi. Wa Chiwata walikuja nayo kwenye baiskeli. Wanafunzi wa Chidya walishuka na mashati meupe, wawili wawili, wameshika ndoo katikati. Walitokea mpaka wa kule bondeni, upande wa Ruvuma, waliopanda mlima kwa miguu tangu alfajiri, maji kichwani, tone halijamwagika.

Kila mmoja alilitua dumu lake mlangoni kwa Mama Mahmudu, akasema, "Shikamoo mama. Maji yako."

"Marahaba, mwanangu."

"Shikamoo mama. Maji yako."

"Marahaba."

Mpaka sauti ya mama ikakatika, akawa anaitikia kwa kichwa. Maji yalijaa uani, yakazunguka nyumba, yakatoka barabarani. Mama Kulwa, ambaye maishani mwake hajawahi kukosa neno, alisimama na kiganja mdomoni.

"Mwanaheri," alinong'ona, "mimi huyu mtoto nilimfukuza na ufagio kwenye korosho zangu. Mimi. Na ufagio."

"Alikuwa anaiba, Mama Kulwa."

"Hata kama! Ungenizuia."

Hitima ilipomalizika, Mzee Mussa, mjomba wa ukoo, alimkalisha Yunusi mkekani. Akampaka unga wa mtama kwenye paji la uso. Mama Mahmudu akatoka ndani na fulana, ile moja, imefifia mabegani, akamwekea kijana shingoni.

"Mahmudu," mama aliita.

Watu wakajizuia hata kukohoa.

"Labeka, mama."

Mama akaanguka begani kwake akalia kilio ambacho siku arobaini hakikutoka. Na hapo ndipo vijana wa malorini wakashindwa kuvumilia.

"Kauka! Kauka! Tupe mstari mmoja!"

"Mmoja tu, kaka!"

Yunusi akasimama.

"Jamani," alisema, "mimi ni fundi redio. Kuchana mistari sijui. Jina nimepewa, sauti sikupewa. Sauti alikwenda nayo mwenyewe."

Mwanaheri akahisi aibu ya yule mtu ikimwingia yeye kifuani, akajua, akitaka asitake, kwamba bado anampenda.

Ndipo mwanafunzi mmoja wa kike, mdogo, aliyekaa juu ya ndoo yake huko nyuma, akaanza peke yake, taratibu, kama anayesoma ubaoni:

"Nashika wingu kwa mkono, maji hayamo mtungini..."

Na ua mzima ukajibu:

"Mama kashuka bondeni, kapanda na jua kichwani! Korosho yangu mizani inaila hadharani, mnunuzi kapanda gari, kaniachia vumbi machoni!"

Hapakuwa na ngoma wala spika. Vijana wa Masasi, wazee wenye kofia za kushona kwa mkono, kina mama wenye watoto mgongoni, wote pumzi moja, mstari baada ya mstari, hakuna aliyekosea. Wengine hawakujua hata kusoma, lakini maneno yote walikuwa nayo. Mwanaheri alisikia vinyweleo vikimsimama mpaka shingoni. Alimjua Mahmudu wa kuazima sindano ashone kifungo. Huyu aliyekuwa anatoka katika vinywa vya watu elfu hakuwahi kumjua, akaogopa, akafurahi, machozi yakamtoka pamoja na vyote viwili.

"Wewe ndiye Mwanaheri?"

Aligeuka. Mwanamke mrefu, kitenge kile kile alichokisema Mama Kulwa.

"Ndiye."

"Naona tangu asubuhi unanipima kama kitambaa."

"Ndiyo kazi yangu, dada."

Ethel akacheka kidogo, akafuta macho.

"Nikupunguzie kazi, basi. Mzee Mussa alinifuata alfajiri, akaniuliza kama na mimi nahesabiwa ndani ya jina. Nikamwambia, mzee, mimi nilipenda mtu, sikupenda jina. Mtu wangu amelala pale. Akasema yameisha."

Mwanaheri alitoa pumzi aliyoishika tangu Alhamisi.

"Ila mtoto ni mambo mengine," Ethel aliendelea. "Wiki hizi za msiba alikuwa anaita baba kwenye redio. Wimbo ukianza, anaikimbilia, anaiita. Nikamwomba Yunusi aje, ili aite kitu chenye mikono. Basi akija kwenu likizo, usimnunie."

"Ana magauni mangapi?"

"Mawili."

"Mlete kesho barazani nimpime."

Ethel alimshika mkono, akaukaza.

Alasiri watu walianza kutawanyika, wakiimba barabarani. Mama Mahmudu alikaa mlangoni akijaza mtungi kwa kata, polepole, kama anayegusa kitu kitakatifu. Yunusi alikuja mpaka alipokuwa Mwanaheri, fulana ya marehemu ingali shingoni, unga umekauka pajini, Faidha kamshika kidole.

"Umeona?" aliuliza.

"Nimeona."

"Bado umekasirika?"

"Kwa kunificha, ndiyo. Hiyo haiishi leo."

"Una haki." Akatazama chini, kisha akamtazama machoni. "Mwanaheri, leo watu wote wameniita Mahmudu. Mama, mjomba, hata watu nisiowajua. Kila wakiniita naitika, na kila nikiitika nasikia Yunusi anasogea mbali kidogo. Sijutii. Umemwona mama. Lakini wewe ndiye utakayeniita kila asubuhi mpaka tuzeeke, na wewe peke yako sikukuuliza."

"Hukuniuliza."

"Sasa nauliza. Niite. Jina lolote kati ya yale mawili. Ukiniita Yunusi, naivua fulana hii sasa hivi, ukoo unitenge ukitaka. Ukiniita lile jingine, nalibeba mpaka kaburini, na wewe unajua unaolewa na nani. Nakuomba, niite."

Mlangoni kata ilisimama hewani, maji yakichuruzika mkononi kwa mama. Faidha aliinua uso, akamtazama Mwanaheri mdomoni, kama mtoto anavyotazama redio inayotaka kuanza.

Mwanaheri alivuta pumzi. Na yule kijana, ambaye kwa kitambo kile hakuwa na jina hata moja, akasimama mbele yake akingoja kuitwa.