Fundo la Mkono wa Kushoto

Mshipi wa marehemu mzee wa kuvulia samaki ulikutwa umelowa. Ulikuwa umetundikwa msumarini nyuma ya mlango wa chumba cha kushonea, mkavu kwa miezi minne tangu mwenyewe azikwe, na asubuhi hiyo ulikuwa unadondosha maji juu ya vipande vya kitambaa. Fundi cherehani akapangusa sakafu, akamgombeza binti yake wa miaka minane, ambaye kwa domo lake walimwita Chiriku.

"Si mimi, Baba. Ni Babu. Anasema leo samaki wapo."

"Koma! Babu yako amekufa."

"Najua," alisema Chiriku.

Jamani, mwingine angeita majirani papo hapo. Fundi hakuita mtu, kwa sababu alikuwa na lake moyoni. Yule mzee, baba yake, ndiye aliyemfundisha kuvua bwawani akiwa na kimo cha Chiriku, na miezi yake ya mwisho aliomba kitu kimoja tu: waende mara moja, wao watatu, amwonyeshe mjukuu wake lile fundo la ndoano. Mzee alitumia mkono wa kushoto, na fundo lake lilizunguka kinyume. Fundi, pamoja na kuishi na uzi vidoleni, hakuwahi kuliweza. Kila alipoulizwa alijibu bila kuinua macho: "Jumapili, Baba. Nina kazi." Zikapita Jumapili kumi na moja. Ya kumi na mbili wakamzika.

Siku ya tatu harufu ya tope na magamba ilijaa chumbani mchana kweupe. Siku ya nne miguu ya Chiriku ilikuwa na matope ya bwawani hadi vifundoni. Siku ya tano, cherehani ikinguruma, fundi akasikia nje ya mlango kikohozi anachokijua, kisha sauti anayoijua, ikiuliza taratibu kama ya mtu anayeogopa kusumbua, "Mwanangu, tunaenda lini?", na mguu ukamganda kwenye pedeli, na sindano ikasimama katikati ya kola, na alichotamani hakikuwa kukimbia bali kulia, kwa aibu.

Mkewe ndiye aliyemleta bibi mganga. Bibi akanusa kizingiti, akanong'ona:

"Huyu ni jini wa bwawani. Anamtaka mtoto. Jini huiba sauti, huiba harufu, hata kikohozi. Asichoweza kuiba ni kazi ya mikono ya mtu. Akiuliza tena, mkatae. Wewe mwenyewe, kwa kinywa chako."

"Nimkatae tena?"

"Tena? Kwani uliwahi?"

Fundi akarudi kwenye cherehani yake.

Saa saba mchana sauti ikaja. "Mwanangu, tunaenda lini?"

Fundi akamtazama Chiriku. "Hatuendi," alisema. "Nina kazi. Ondoka."

Halafu nyayo zilizolowa zikasikika zikienda zake polepole, mguu mmoja ukiburuzwa, kama mzee alivyotembea tangu nyonga imharibikie. Harufu ikakatika. Mkewe akashusha pumzi, bibi mganga akafunga mkoba wake akaaga.

Chiriku alikuwa analia chini ya meza ya kukatia. Fundi akainama ambembeleze, na hapo akaona mkononi mwa mtoto ndoano iliyofungwa kwa uzi wa kushonea. Fundo lilizunguka kinyume.

"Nani kakufundisha hili?"

"Babu. Alinishika vidole." Akafuta kamasi kwa mkono. "Kwa nini umemfukuza? Kila yule wa bwawani aliponiita, Babu ndiye aliyenirudisha. Alikuwa anakaa mlangoni ili yule asiingie."

Fundi alitaka kutoka mbio amwite baba yake arudi, aombe radhi hata kwa magoti, lakini badala yake akamshika Chiriku kwa nguvu, kwa kuwa nje ya mlango, kwa sauti ya fundi mwenyewe, kuna mtu aliita kwa upole:

"Chiriku, njoo twende, mwanangu. Leo sina kazi."