Barua Pepe ya Mzigo Iliyozima Sauti ya Marehemu

"Nani amegusa kompyuta yangu?"

Muuguzi alikuwa ndiyo kwanza anavua viatu vya kazi mlangoni. Sauti ya mumewe, mwalimu asiyejua kufoka, leo ilikuwa kali.

"Mimi, mume wangu. Asubuhi, kabla sijaingia zamu. Kuna nini?"

"Njoo uone."

Kioo kizima kilikuwa chekundu. Maandishi meupe yalisema mafaili yote yamefungwa, na anayeyataka alipe ndani ya siku tatu.

"Ulifungua nini?"

"Barua pepe. Ilisema mzigo wetu umekwama, anwani haijakamilika, nifungue fomu waliyoambatanisha. Si tunasubiri miwani ya mtoto? Nikajua ndiyo hiyo. Nikafungua, sikuona kitu, nikaondoka."

Mwalimu alikaa chini.

"Sauti za marehemu mama wa mtoto zimo humu," alisema.

Mke wake wa kwanza, alipojua ugonjwa hautamwacha, alijirekodi akisimulia hadithi thelathini na mbili kwa ajili ya binti yake mchanga. Sasa mtoto alikuwa na miaka saba, wakimwita Sisimizi kwa udogo wake, na kila Jumapili alijifungia chumbani akasikiliza moja.

"Nakala huna?" muuguzi aliuliza.

Mwalimu alinyoosha kidole. Flashi ilikuwa imechomekwa hapo hapo, ubavuni mwa kompyuta.

Jumatatu walikwenda kwa fundi wa kompyuta, mama wa makamo asiyezunguka maneno.

"Tazama barua yenyewe hapa kwenye simu ya mkeo, shemeji. Jina la mtumaji ni la kampuni ya mizigo. Sasa gusa jina, uione anwani yenyewe."

Zilitokea herufi na tarakimu zisizo na kichwa wala miguu.

"Hata namba ya mzigo hawakuandika. Wanatuma kwa maelfu ya watu, hakosekani anayesubiri kitu. Ukipata ujumbe wa hivi usifungue kilichoambatanishwa. Nenda mwenyewe kwenye tovuti ulikoagizia, au piga namba iliyo kwenye risiti yako."

"Tukiwalipa je?" mwalimu aliuliza.

"Mteja wangu mmoja alilipa. Walipokea, wakanyamaza. Na flashi imefungwa pia kwa kuwa ilikuwa imechomekwa. Nakala hukaa mbali na mashine. Poleni sana. Mimi hapa nimekwama; sauti hizo hazirudi."

Walipofika nyumbani, sebuleni, mwalimu alimgeukia mkewe.

"Nikuulize. Ulifanya makusudi?"

"Unasemaje?"

"Miaka mitatu ya ndoa yetu hujawahi kukaa na mtoto ukasikiliza hata hadithi moja. Ulikuwa huitaki sauti ya mama yake humu ndani."

"Wivu nilikuwa nao, sikatai. Mwanamke gani anashindana na marehemu akamshinda? Lakini kumnyima mtoto sauti ya mama yake! Mimi?"

"Sijui tena wewe ni nani."

Muuguzi alikunja nguo chache, akaenda kwa dada yake.

Siku ya pili simu yake ilitoa mlio; ulikuwa ujumbe wa mumewe.

"Karatasi za shule za mtoto ziko wapi?"

"Droo ya pili," aliandika. Alisubiri. Halikuja neno jingine.

"Rudi ukaombe radhi, mdogo wangu," dada yake alimsihi.

"Kwa kosa lipi, dada? La kufungua, nitaomba mpaka nife. La makusudi, siombi."

Siku ya tano mwalimu alipiga. Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Mtoto hataki kula. Anakutaka wewe."

Muuguzi alimkuta Sisimizi amelala, uso ukutani. Mwalimu alibaki kizingitini.

"Mamdogo, sauti ya mama ilikuwaje? Naanza kuisahau. Nikimuuliza baba, analia tu."

Muuguzi aliketi ukingoni mwa kitanda.

"Ilikuwa nyembamba, ya puani kidogo, kama mtu mwenye mafua. Akitaka kucheka, alivuta pumzi kwanza. Kwenye ile ya fisi na mpishi alikohoa, akasema, 'Samahani mwanangu, tuendelee.'"

Mtoto aligeuka.

"Ulikuwa unasikia?"

"Nilikuwa nasimama koridoni."

"Mbona hukuingia?"

"Niliona haya. Niliona ni mahali penu wawili."

Mwalimu aliuficha uso wake viganjani. Mtoto aliposinzia, alimfuata mkewe jikoni.

"Nisamehe. Nilikutamkia maneno mabaya."

"Ngoja kwanza, nami nina langu. Siku ile fundi aliposema hazirudi, kuna kitu ndani yangu kilipumua. Mara moja tu. Kisha nikajichukia. Sikufanya makusudi, lakini hilo nalo lijue."

"Ungeweza kuninyamazia," mwalimu alisema.

"Nikikunyamazia, si utamrudisha humu ndani mtu usiyemjua?"

Mwalimu alimtazama, kisha akaubeba mfuko wa nguo wa mkewe mpaka chumbani kwao.

Kuanzia Jumapili iliyofuata walikaa watatu, daftari mezani. Muuguzi alisimulia hadithi za marehemu alivyozikumbuka, mwalimu aliandika, mtoto alisahihisha.

"Hapana, Mamdogo. Hapo alinong'ona."

Walipata hadithi kumi na tisa. Zile nyingine, kila mmoja alipojaribu, zilikatika katikati. Siku walipokubali kuacha kuzitafuta, walilia kama watu waliotoka kumzika marehemu mara ya pili, na safari hii muuguzi alilia pamoja nao.