Munkoyo Si Chakula cha Nyuki

Nyuki wakihama, mwenye nyumba anafuata. Maneno hayo yaliletwa na watu wa treni kutoka Tenke. Agnès aliyasikia kwenye robinet, bomba la maji la mtaa wa Kapata, asubuhi ya baridi, ndoo yake haijajaa.

"Ni kweli kabisa," alisema Godelieve, jirani yake. "Kule Tenke, nyuki ya tata moja, muzee, ilihama mu baridi. Mbele mvua haijanyesha, bakamuzika."

"Wee Godelieve, mudomo yako haina mulango?"

Agnès alicheka, lakini akanyakua ndoo haraka. Maji yakammwagikia miguuni.

Mume wake, Kisimba, alikuwa anakohoa. Alifanya kazi mgodini miaka mingi, na vumbi likabaki kifuani. Sasa hakuweza kazi tena. Ilibaki mizinga miwili ya mbao nyuma ya nyumba, kwenye kichuguu. Asali na nta ndizo ziliwalisha, wao na binti yao Simone.

Mwezi wa tano Kisimba alivuna masega yote. "Zitajitafutia," alisema. Lakini mwezi wa saba nyuki atafute wapi? Maua hakuna. Majani yamekauka, upepo unaleta vumbi tu. Agnès aliona nyuki wakitambaa mbele ya mzinga, wengine wamekufa. Aliwaza: wana njaa, watahama. Na Kisimba je?

Sukari ilikuwa imepotea madukani. Nyumbani kulikuwa na munkoyo, ile pombe tamu ya mahindi na mizizi, imeanza kuchacha. Jua lilipopanda, Agnès alijaza beseni, akaliweka wazi kati ya mizinga.

"Mukunywe, bamama," aliwaambia nyuki. "Musituache."

Wakaja wachache. Halafu wakaja na wa porini, wingu zima. Walipigana juu ya beseni, wengine wakazama. Wageni wakaingia mzinga wa kushoto, ule dhaifu, wakaiba kilichobaki na kuua wenyeji. Wakawa wakali, wakiuma kila kitu. Simone alikuwa amemfuata mama yake. Kilio chake kilifika barabarani.

Mama Asia, mke wa Abibu mwenye kamyo, lori la mizigo, alikuja mbio. Huyu alizaliwa kwa mfuga nyuki.

"Mufunike mutoto na kikwembe! Musisimame, muingie mu nyumba!"

Agnès akamfunika Simone kwa kitenge, wakakimbia. Ndani Mama Asia alikwangua miiba upesi kwa ukucha. Akasikiliza pumzi ya Simone.

"Anapumua mubaya. Tumupeleke ku dispensaire, sasa hivi."

Kwenye zahanati Simone alitibiwa akapona, lakini macho yake yalikaa yamefungwa kwa uvimbe siku nyingi. Mzinga wa kushoto ulikufa wote.

Mama Asia aliporudi kuwaona, alitazama beseni.

"Mama Simone, ulibapa nini?"

"Munkoyo."

"Yo! Unalewesha nyuki? Weye mwenyewe ukikunywa ya kuchacha na njaa, tumbo haikuume?"

"Banasema zikihama, baba Simone..."

"Nyuki inahama sababu ya njaa. Habari ya mutu haiijue." Akaweka mkono nyuma ya mzinga uliobaki. "Kuya hapa, unyanyue kidogo. Iko namna gani?"

"Nyepesi. Sawa kitunga haina kitu."

"Basi chakula imeisha. Ukitaka kupima, nyanyua hivi. Usifungue asubuhi na baridi, batoto ya nyuki banakufa. Ukiwa na lazima, fungua saa ya jua, na ufunge mbio."

Abibu alikuwa ameleta sukari kidogo kutoka safarini. Mama Asia alichemsha maji, akaondoa sufuria motoni, akakoroga vikombe viwili vya sukari kwa kikombe kimoja cha maji. Alingoja yapoe. Jioni, nyuki waliporudi na baridi haijashuka bado, aliweka sahani ndani ya mzinga na kupanga vijiti juu yake, nyuki wasimame wasizame. Tone halikuanguka nje. Mlango akaupunguza kwa udongo.

"Mulango kidogo, askari kidogo inatosha," alisema.

Kila wiki Agnès alinyanyua mzinga. Ukiwa mwepesi, alilisha. Nyuki hawakuhama. Miti ilipochanua, walirudi na unga wa maua miguuni.

Kisimba alikufa mwezi wa kumi na moja. Siku ya matanga nyuki walitoka na kuingia kama kila siku. Agnès aliwatazama muda mrefu. Miezi yote alipima mzinga. Kifua cha Kisimba hakuna aliyekipeleka kupimwa.

Mvua ilipotulia, alivuna nusu ya masega, nusu akaachia nyuki. Asali hiyo ndiyo iliyowapa bukari, ugali wa kila siku, yeye na Simone, mwaka ule.

Wewe mwenye mizinga, epuka haya:

Usivune masega yote. Baridi inakuja.

Usifungue mzinga kwenye baridi.

Usiwape nyuki munkoyo, pombe, wala sukari iliyoungua.

Usiwape asali usiyojua ilikotoka. Inaweza kuleta ugonjwa.

Usiweke chakula nje, wala usilishe mchana; lisha jioni kabla ya baridi.

Usiache mtoto akufuate kwenye mizinga.

Mtoto aliyeumwa na nyuki akipumua vibaya, mpeleke zahanati, usingoje.

Na usitafute kifo cha mtu kwenye mzinga. Anayekohoa, mpeleke kwa daktari angali anatembea.