Sauti ya Kidoti Nyuma ya Mlango

Binti wa jirani yetu, tuliyemwita Kidoti kwa sababu ya alama ya shavuni, alisomea uuguzi chuoni. Chumbani alikaa na shoga yake wa tangu utotoni, msichana mrefu, mkimya, aliyeitwa Twiga. Walipendana sana, mpaka wakaanza kugombana. Huyu anataka taa izimwe, yule anasoma. Huyu anafagia, yule anaficha vyombo vichafu chini ya kitanda. Wakafikia kununiana.

Asubuhi moja matroni wa bweni akawaketisha. "Kila mtu atoe la moyoni, kisha yaishe."

Wakatoa. Wakalia. Twiga akamkumbatia mwenzake.

"Nisamehe, shoga. Njoo nikusuke, tuanze upya."

Kidoti akakaa sakafuni kati ya magoti yake. Vidole vya Twiga vilikuwa vyepesi, usingizi ukamchukua. Alipoamka akafungua kinywa kushukuru. Hakikutoka kitu.

"Pole," Twiga akasema. "Utazoea."

Kwenye zahanati wakampima, wakasema koo halina ugonjwa. Twiga ndiye aliyemchemshia maji, akamsemea kwa watu. Kidoti akajuta kuwahi kumnunia rafiki kama huyo.

Siku moja mwalimu hakutokea, Kidoti akarudi chumbani mapema. Mkono ukiwa kwenye kitasa, akasikia mtu anaongea ndani. Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

"Mama, huyu ninayekaa naye amerukwa na akili. Anajifanya mimi. Akija huko, usimfungulie."

Akasukuma mlango. Twiga alikuwa peke yake. Hakushika simu. Midomo imefungwa. Sauti ikaendelea.

Kisha ikanyamaza. Twiga akatabasamu.

"Si tulisameheana?" akanong'ona, kwa sauti ile ile.

Kidoti alikimbia mpaka stendi, mikono mitupu. Alipofika kwao akagonga. Akagonga tena. Mama yake akachungulia dirishani, uso umempauka.

"Nenda zako! Mwanangu yuko jikoni, namsikia!"

Atabishaje, na sauti hana? Akabandika shavu kwenye kioo, machozi yakimtiririka. Mama akaitazama ile alama. Akafungua.

Jikoni hapakuwa na mtu. Unga ulikuwa umemwagika, na juu yake nyayo ndefu za miguu mitupu, zikielekea ukutani. Za kurudi hazikuwepo.

Jioni ile Kidoti akapata sauti. Twiga hakuonekana tena, si chuoni, si kwao. Unga ulifagiliwa, sakafu ikapigwa deki mara nyingi. Nyayo bado zipo, nyeupe, na ukuta pale zinapoishia una joto kama mgongo wa mtu.